Daftari la Viongeza vya Chakula cha Kuku

Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nikinunua nayamimina kwanza kwenye kiganja niyatazame yanavyotiririka, na mtu akinisifia kitu mara mbili nakirudisha mezani. Mume wangu alikuwa akisema hata barua yake ya posa niliisoma kama mtu anayetafuta kosa, na hakukosea. Kwa hiyo ofisi yetu ilipotaka mtu wa kukagua unga wa ajabu uliokuwa ukijaa madukani kwa ajili ya mifugo, mkubwa wangu hakuhangaika kutafuta. Alisema nimezaliwa kwa kazi hiyo.

Hapo ni Mwanza, katikati ya miaka ya tisini, enzi za ruksa. Kabla ya hapo chakula cha kuku kilikuwa kinatoka kiwanda kimoja cha umma. Kikija kimekuja, kisipokuja, kuku wanakula pumba na mashudu ya pamba mpaka mwezi ujao. Mara soko likafunguliwa, na kila aliyekuwa na chumba kinachotazama barabara akafungua duka la pembejeo. Mabasi yanayotoka mpakani yalishusha viroba vya unga mweupe, wa njano, wa waridi, mwingine unanukia kama peremende. Kila mmoja ulikuja na sifa zake: ukitia kijiko kwenye debe la chakula, kuku atataga mpaka ajishangae. Mimi nilikuwa bibi mifugo upande wa Igoma, kwenye barabara ya Musoma, na sikuamini hata mmoja.

Mkubwa alinipa daftari lenye jalada gumu na orodha iliyopigwa chapa kutoka makao makuu. Akanieleza kazi yenyewe. Chakula ni kile kinachoshibisha: mahindi, dagaa, mashudu. Kiongeza ni kile kidogo kinachotiwa ndani ya chakula kwa kazi maalumu, na ukijua kazi yake umejua kundi lake. Kuna vinavyolisha, yaani vitamini na madini. Kuna vinavyotunza chakula kisivunde. Kuna vya rangi, harufu na ladha. Kuna vya kumsaidia mnyama akue. Halafu kuna kundi nililoliogopa kuliko yote, dawa za kukinga kuhara damu, zinazochanganywa na chakula cha kila siku na zinazotaka kipimo cha kijiko, si cha macho. Mwisho akaniambia, huku anatafuta funguo za pikipiki, kwamba kibali hakitolewi kwa unga peke yake: hutolewa kwa unga fulani, kwa mnyama fulani, kwa kiasi fulani. Ukihamisha mnyama, kibali kimekufa. Alilisema mara moja tu, akaondoka.

Nikapiga safu tano kwa rula: jina, kundi, mnyama, kiasi, namba ya kibali. Safu ya namba niliipa nafasi kubwa, maana nilijua waongo hunaswa hapo. Safu ya mnyama niliibana ikawa nyembamba kuliko zote, kwa kuwa sikuona mtu anaweza kudanganya nini kuhusu kuku.

Duka nililolishuku zaidi lilikuwa jirani na kituo cha Igoma. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo kutoka Ukerewe, aliyetunza stoo ya chama cha ushirika mpaka alipopunguzwa kazini. Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wa mfanyabiashara huwa unaniwasha mwili. Akiniona alisimama na kunifutia benchi. Mzigo mpya ukifika aliuweka pembeni, hafungui mpaka nije niuone. Mtu mwingine angesema huyu ni mwaminifu. Mimi nilijiuliza anaficha nini nyuma, nikaingia stoo yake mara kadhaa bila kubisha hodi, na nilichokipata huko ni panya.

Kilichonikera hasa ni ombi lake. Alitaka nimwandikie. Kila kiongeza nilichopitisha alitaka kikaratasi chenye sahihi yangu: hiki ni cha mnyama gani, kijiko kingapi, kwa muda gani. Alisema katika stoo alizofanyia kazi hakikutoka hata kiberiti bila karatasi. Nikaona mtego wazi. Atabandika sahihi yangu ukutani, na chini yake atauza majivu. Nikamjibu kwamba daftari langu linatosha, na daftari haliachwi dukani. Akasema sawa mama, lakini mzigo uliofuata akaniomba tena.

Mwendo mfupi kutoka dukani aliishi wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Wao ni Wasukuma wa Misungwi. Mimi nimetoka Kagera, na miaka ya mwanzo aliniita mwalimu kwa kunitania, kwa sababu nilikuwa naulizia kila kitu, hata nani aliyeosha vyombo. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo miaka mingi. Mumewe akafariki, kiwanda kikapunguza watu, naye akabaki na nyumba ya vyumba viwili na kuku mia mbili wa mayai katika banda la mabanzi. Kuku wale ndio waliokuwa wakimweka mjini. Wakiacha kumtunza, ilikuwa arudi Misungwi kukaa kwenye mji wa kaka zake, kulima pamba yao na kuomba chumvi kwa wake zao, na alisema mbele yetu sote kwamba kwake huko ni kuzikwa akiwa hai.

Bahati ilikuwa upande wake. Karibu na ziwa ilikuwa imefunguliwa hoteli mpya, wanakolala wageni wa biashara ya minofu ya sangara, na hoteli ile ilichukua mayai yake yote. Mpishi wa pale alitaka ganda la kahawia na kiini chenye rangi ya chungwa, na wifi alikuwa navyo vyote viwili.

Nikakishuku kile kiini. Kuku wa kisasa aliyefungiwa bandani, anayekula pumba na dagaa, kiini chake huwa kimepauka. Mtaani kulikuwa na uvumi kwamba wapo wanaotia chakulani rangi ya kutilia mikeka. Siku moja nilipojua amepeleka mayai hotelini, nikaenda kwake, nikaingia kwenye kibanda anachochanganyia chakula, nikafunua pipa lililokuwa pembeni. Ndani kulikuwa na unga mwekundu. Nikazamisha mkono, nikanusa, na wifi akatokea mlangoni mkono wangu ukiwa bado umo.

Hakukasirika, alicheka mpaka akashika mbavu. Ulikuwa uduvi, wale kamba wadogo wanaonaswa pamoja na dagaa. Wanawake wanaoanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, huwachambua na kuwafagilia pembeni, yeye akienda na debe anapewa. Wakikauka wanakuwa wekundu, na wekundu huo kuku anaupeleka kwenye kiini.

"Mwalimu, hiki ni chakula," akasema. "Mimi mwenyewe nakulaga." Akachota kidogo, akajitia mdomoni, akatafuna akinitazama.

Mtu mwenye akili yake angeishia hapo. Uduvi unashibisha, basi ni chakula, hauna haja ya kibali chochote. Lakini mimi nikajenga hoja: unabadilisha rangi ya kiini, na kinachobadilisha rangi ni cha kundi la rangi, na kundi la rangi linataka namba. Uduvi wa mwaloni ungepata wapi namba? Nakumbuka nilivyojisikia vizuri nikiisema hoja ile, kwa jinsi ilivyokaa sawa. Nikamwambia auache mpaka niulize makao makuu, na kuanzia siku ile asitie chochote kisichokuwa kwenye daftari langu. Akaacha kucheka, akasema mimi ndiye niliyesoma, na akafunika pipa. Makao makuu sikuwauliza kamwe. Kiini kikafifia kidogo, mpishi akanung'unika, lakini mayai aliendelea kuyachukua.

Masika yakaingia, maranda ya mabandani yakalowa, na banda la jirani yake likapigwa na kuhara damu. Wifi akaja mpaka ofisini kwa miguu. Zamani, alisema, angewatilia mwarobaini kwenye maji na kusubiri, lakini nimemkataza ya nje ya daftari, kwa hiyo nimwambie daftari linasemaje.

Kwa kweli lilikuwa na jibu, au nilidhani hivyo. Wiki ileile yule mtu wa Ukerewe alikuwa amepokea gunia moja la dawa ya kukinga, iliyotengenezwa ng'ambo na kupitia Nairobi. Nilikuwa nimelikagua asubuhi nzima. Namba ya kibali niliilinganisha na orodha yangu tarakimu kwa tarakimu, nikarudia mara tatu. Nikapapasa mshono wa gunia kuona kama limefunguliwa na kushonwa upya. Nikatazama chapa ya kiwanda kwa lensi, nikasoma tarehe ya kuisha. Kila kitu kilikuwa halisi. Nilikuwa nimetafuta uongo nikaukosa, na nikadhani kazi imekwisha. Nikaandika katika safu zangu jina, kundi la kinga, kuku, kijiko kimoja kwa debe, namba.

Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu wakati naandika.

"Samahani mama," akasema, "ni kuku gani? Maana wateja wangu wengi ni wa mayai."

Nikajua anaanzisha tena hadithi ya vikaratasi. "Kuku ni kuku," nikamwambia. "Daftari limeandika kuku. Uza."

Akaomba basi nimwandikie hivyo hivyo, maneno hayo matatu tu. Nikafunga daftari nikaondoka.

Nikamtuma wifi dukani. Akanunua pakiti iliyopimwa kutoka gunia lile, akachanganya kijiko kimoja kwa debe, akasawazisha kijiko kwa kisu kama nilivyomfundisha. Haikupita wiki, mayai yakaanza kupoteza rangi. Kwanza yakawa kama chai yenye maziwa mengi, kisha yakawa meupe kabisa, kutoka kwa kuku walewale wekundu. Hotelini mpishi akavunja moja akakuta kiini kina madoa, akavunja la pili, la tatu. Trei zote zikarudishwa, na wifi akaambiwa asije tena.

Alizibeba mpaka nyumbani kwangu mchana wa jua kali. Akaziweka mezani, akakaa, akafunika uso kwa kanga na kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mumewe.

"Wifi, yule mtu ameniuzia sumu," akasema. "Na wewe ulinionyaga, unga wa madukani ni wa kushuku."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilimhurumia, moyo uliniuma kwa ajili yake, na bado chini ya huruma ile nilifurahi, kwa sababu mtu niliyemshuku muda wote alikuwa amejionyesha. Nilikuwa na uhakika ametoa dawa halisi na kujaza kitu kingine. Nikamwambia wifi asiwape kuku unga ule hata punje, amwage chakula chote kilichochanganywa, nikatoka kwenda dukani daftari likiwa kwapani.

Nikadai gunia lenyewe. Alilileta bila kusita, limekunjwa vizuri, lebo haijachanika, na unga uliobaki umo ndani. Nikanusa unga: ni uleule. Nikautazama kwa lensi: ni uleule. Nikaanza kusoma lebo upya nikitafuta nilichodanganywa, na safari hii, kwa kuwa namba nilikuwa naijua kwa kichwa, macho yakashuka chini yake. Pale kulikuwa na mistari miwili ya Kiingereza, herufi ndogo lakini zinasomeka kabisa. Ilisema ni ya vifaranga na kuku wa nyama. Ilisema kuku wanaotaga wasipewe.

Hapo ndipo nikakumbuka somo la chuoni, kwamba ipo dawa ya aina hii inayofuta rangi ya ganda na kutia madoa kwenye kiini. Nilikuwa nimeliandika hata kwenye mtihani. Nilisimama pale nikisoma mistari ile miwili, nikairudia, nikitumaini kwamba imeandikwa baadaye na mtu.

Yule bwana hakuwa anatazama lebo, alikuwa anatazama uso wangu. Akauliza kwa upole wake uleule kama kuna tatizo. Nikamwambia gunia nalichukua kwa uchunguzi. Akaomba kikaratasi cha kuonyesha kwamba nimelichukua. Nikamwambia hakuna haja, nikalifunga kwenye baiskeli.

Ofisini hakukuwa na mtu. Nikafungua daftari, na pale kwenye safu nyembamba, baada ya neno kuku, nikaongeza maneno mawili: wa nyama. Niliyaandika madogo ili yaenee, kwa kalamu ileile, kwa mwinuko uleule wa herufi. Kisha nikatoa lensi nikayakagua. Ilikuwa kazi safi. Kama ningeletewa mimi nitafute kosa, ningeipitisha.

Habari za hoteli zilimfikia mkubwa siku chache baadaye, akaagiza daftari na mwenye duka. Akasoma mstari ule kwa kidole. Akasema kila kitu kiko wazi: daftari linasema kuku wa nyama, huyu kawauzia wa mayai. Yule bwana akasema nilimwambia kuku ni kuku. Mkubwa akamuuliza iko wapi karatasi. Hakuwa nayo. Yule bwana akageuka kunitazama, na katika macho yake hakukuwa na hasira, kulikuwa na kusubiri. Alisubiri niseme. Alikuwa mtu wa stoo. Aliamini kwamba aliyetoa mzigo husema ametoa. Mimi nikatazama orodha ya makao makuu iliyokuwa mbele yangu, nikapanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimekwisha pangika.

Alifungiwa duka kwa muda, lakini watu wa Igoma hawakungoja muda uishe. Walishampa jina la muuza sumu, na hata kiberiti hakuna aliyenunua tena kwake. Akafunga vilivyobaki, akavuka kurudi Ukerewe. Sikwenda kumuaga.

Kuku wa wifi walipona. Baada ya wiki kama mbili mayai yakarudi kuwa ya kahawia, mazuri kama mwanzo, na yeye akalichukua hilo kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote: nimemwambia aache unga wa yule mtu na ameona mwenyewe matokeo. Ila hoteli ilikuwa imekwisha pata mtu mwingine. Alizunguka na trei zake kwenye migahawa mpaka Nyakato, na kila mahali walikuwa wamesikia habari za mayai meupe yenye madoa. Kuku hula kila siku, mayai yauzwe yasiuzwe. Akaanza kuwapunguza, kumi kumi, halafu wawili wawili. Mimi nilimsaidia kutafuta wateja, nikapeleka trei mpaka Butimba kwa walimu ninaofahamiana nao, na kila aliponishukuru niligeuza maneno nikaulizia bei ya pumba. Nilijiambia nitamweleza akitulia. Akatulia, na siku ile aliyotulia alikuja kutuambia kwamba kaka zake wamemtengea chumba.

Kabla ya kuondoka alituita chakula cha mchana, mimi na mume wangu. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa tayari mlangoni, banda limebomolewa, mabanzi yamepangwa kwa ajili ya aliyeyanunua. Alikuwa amechinja kuku wa mwisho. Tukanawa, akapakua.

Kwao firigisi haigawiwi ovyo. Ni ya mwanamume mkubwa aliyepo, na mwanamke anaweza kupika kuku maisha yake yote asiijue ladha yake. Siku ile mume wangu ndiye aliyekuwa mwanamume pekee pale, na alikuwa amekwisha sogeza sahani. Wifi akaichukua firigisi kwa kijiko, akaipitisha juu ya sahani ya mdogo wake, akaiweka kwenye ya kwangu.

"Leo ni ya wifi," akasema. "Asingekuwa yeye, yule mtu angeniua kabisa."

Mume wangu akacheka, akasema ni haki yangu. Wote wawili wakanitazama wakisubiri nianze. Nilikuwa na maneno mdomoni. Yalikuwa machache, yangetosha kwenye safu nyembamba. Nikaikata firigisi, nikaitia mdomoni badala yake.

Wifi akauliza kama imeiva vizuri. Nikamwambia imeiva, nikaitafuna yote nikaimaliza.